Kuni Mbichi ni Mzigo wa Maji

Akina mama wengi vijijini hubeba maji mara mbili kwa siku. Mara ya kwanza huyabeba kwa ndoo kutoka kisimani. Mara ya pili huyabeba ndani ya kuni mbichi.

Mti uliokatwa leo una maji mengi. Katika miti mingi, karibu nusu ya uzito wa kuni mbichi ni maji. Tuchukue mzigo wa kuni mbichi wa kilo 20. Humo mna maji kama kilo 10. Hayo ni sawa na nusu ya ndoo ya lita 20. Mama ameyabeba kichwani kutoka porini. Tena moto lazima uyakaushe maji hayo kwanza, ndipo upike ugali.

Moshi unadhuru

Moshi mwingi ni dalili kwamba kuni haziungui vizuri. Ni kuni zinazopotea hewani. Moshi huo huwasha macho na huharibu mapafu. Watoto wadogo wanaokaa jikoni huweza kupata homa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa hewa chafu ya majumbani iliua watu wapatao milioni 3 na laki 2 duniani mwaka 2020. Hewa hiyo huchafuliwa na moshi wa kuni, mkaa na mafuta ya taa.

Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia. Lengo ni kwamba ifikapo mwaka 2034, Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanatumia nishati safi. Lakini leo bado nyumba nyingi zinapika kwa kuni. Basi tuzitumie vizuri.

Wahenga walisema: Figa moja haliinjiki chungu. Moto mzuri nao una mafiga matatu. Nayo ni kuni kavu, hewa na mfuniko.

Figa la kwanza: kuni kavu

Chanja kuni zikiwa bado mbichi. Vipande visizidi unene wa kifundo cha mkono. Vipange juu ya magogo, visiguse ardhi. Acha nafasi ili upepo upite katikati. Ezeka paa juu, lakini usizibe pembeni. Ziache miezi kadhaa. Kuni za masika zitayarishwe wakati wa kiangazi.

Utajuaje kuni zimekauka? Ni nyepesi. Ncha zake zina nyufa. Maganda hubanduka kwa urahisi. Gonganisha vipande viwili. Kuni kavu hulia kwa sauti kali. Kuni mbichi hutoa sauti nzito.

Kuni ngumu na nzito, kama za mgunga, huwaka polepole na kuacha makaa mazuri. Kuni nyepesi huwaka upesi na kuisha upesi. Hizo zinafaa kukokea moto. Mjohoro unaweza kupandwa karibu na nyumbani ili kupunguza safari za porini.

Usichome mnyaa. Utomvu wake ni hatari kwa macho, na moshi wake unawasha. Usichome mbao zilizopakwa rangi, nguzo zilizotiwa dawa, wala plastiki. Moshi wake una sumu.

Figa la pili: hewa

Jiko banifu la udongo hutunza joto kuliko mafiga ya mawe. Lakini jiko hilo likijazwa kuni mbichi, litatoa moshi vilevile. Fanya hivi:

1. Zoa majivu ya jana.
2. Koka moto kwa vijiti vikavu.
3. Weka kuni mbili au tatu nyembamba. Usizibe mdomo wa jiko. Hewa ipite chini ya kuni.
4. Ziungue ncha tu. Zikipungua, zisukume ndani kidogo kidogo.
5. Fungua dirisha na mlango. Kama jiko lina bomba la moshi, ondoa masizi mara kwa mara.

Figa la tatu: mfuniko

Chungu kisicho na mfuniko hupoteza joto. Funika. Maharage yaloweke usiku kucha, yataiva mapema. Chakula kikichemka, vuta kuni nje, upunguze moto. Ukimaliza kupika, zima vinga kwa mchanga. Utavitumia kesho.

Usilale na jiko lenye makaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Makaa hutoa hewa yenye sumu. Hewa hiyo haionekani wala hainuki, nayo huua watu usingizini.

Kuni si kazi ya mama peke yake

Baba mwenye shoka achanje kuni. Mwenye baiskeli azibebe. Vijana wajenge kibanda cha kuni. Chakula kinaliwa na wote, na moshi unawaumiza wote.

Ndugu msomaji, msomee jirani yako habari hii. Kisha jadilianeni:

1. Je, kuni za nyumbani kwenu zinakauka wapi?
2. Je, nani anazibeba, na kutoka umbali gani?
3. Je, mtaanza lini kuweka akiba ya kuni za masika?