Tende na Lishe: Je, Aina Zote Zina Thamani Moja?

Tende ni tunda la mtende, mti ambao kwa jina la kisayansi huitwa Phoenix dactylifera. Tangu kale tende zililetwa katika pwani ya Afrika Mashariki kwa majahazi yaliyotoka Oman na Ghuba kwa upepo wa kaskazi. Watu wengi huamini kwamba tende "huongeza damu". Yafaa imani hiyo ipimwe kwa mizani ya sayansi.

Tuchukue aina mbili mashuhuri: Medjool, yenye asili ya Moroko, na Deglet Noor ya Aljeria na Tunisia. Gramu 100 za kila aina hutoa takriban kilokalori 280, na zina gramu 75 hivi za kabohaidreti. Kwa upande wa nguvu, basi, tofauti ni ndogo mno. Tofauti kubwa imo katika sukari zenyewe. Katika Deglet Noor, zaidi ya theluthi moja ya sukari ni sukrosi, yaani sukari ile ile ya miwa. Katika Medjool, karibu yote ni glukosi na fruktosi. Sababu ni enzimu iitwayo invatesi, ambayo huivunja sukrosi wakati tunda linapoiva. Katika tende laini kazi hiyo hukamilika. Katika tende ngumu kiasi, sukrosi nyingi husalia.

Tende pia zina potasiamu nyingi, kati ya miligramu 650 na 700 kwa gramu 100, pamoja na gramu 7 au 8 za nyuzinyuzi zisaidiazo choo.

Je, na damu? Gramu 100 za aina zote mbili zina karibu miligramu 1 tu ya madini ya chuma. Msichana wa miaka 14 hadi 18 huhitaji miligramu 15 hivi kwa siku. Ili azipate kwa tende peke yake, ingempasa ale kilo moja na nusu, yaani kilokalori 4,200, kiasi kinachozidi sana mahitaji yake. Isitoshe, tende kavu hazina vitamini C ya kutosha, ambayo husaidia mwili kufyonza chuma cha mimea.

Kwa hiyo tende ni chakula bora cha kutia nguvu, lakini si dawa ya upungufu wa damu. Mwenye upungufu huo na apimwe hospitalini, na mlo wake uwe na maini, dagaa, maharage na mboga za majani, pamoja na machungwa au mapera. Mgonjwa wa kisukari naye azihesabu tende katika sukari anayokula, ziwe za aina yoyote ile.