Dele la Kahawa: Kulehemu au Kubadilisha

Makala haya yanafafanua ni lini dele la kahawa, chombo cha mabaraza ya mwambao, Kibiti na delta ya Rufiji zikiwamo, litengenezwe na ni lini libadilishwe. Dele likivuja kwenye maungio, fundi bati huliziba kwa lehemu. Lehemu ya bati na risasi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi, ilhali kahawa huchemka karibu na nyuzi 100. Kwa hiyo, kahawa iliyomo hulinda kiungo. Dele likikaukia motoni, kiungo huachia. Hata hivyo, uimara si kigezo pekee. Risasi huweza kuingia katika kinywaji, na Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chake chochote kuwa salama. Hivyo, itumike lehemu isiyo na risasi. Dele lililokwisha kuzibwa kwa risasi libadilishwe, hata kama halivuji.