Je, Wajua? Ukibahatisha Exetat Nzima

Finalisti wa Butembo, nawe wa Beni, sogeeni hapa! Je, wajua kwamba swali moja la Exetat, mtihani wa taifa wa mwisho wa sekondari nchini Kongo, lenye majibu 5, linakupa nafasi 1 kati ya 5 hata ukichagua umefumba macho? Si haba. Bahatisha mawili: 1 kati ya 25. Matano: 1 kati ya 3,125. Kumi: 1 kati ya 9,765,625!

Na 20 je? Shika benchi. Ni nafasi 1 kati ya 95,367,431,640,625. Trilioni 95 na ushee! Ukijaza karatasi moja kila sekunde, usiku na mchana, utamaliza namna zote za kujibu baada ya miaka zaidi ya 3,000,000. Na Exetat yenyewe ni siku 4, ujue.

Karatasi hizo zingefika wapi? Zirundike, kumi kwa kila milimeta, kisha ulaze mrundo kwenye barabara ya Beni hadi Butembo, kilomita 54. Ungeijaza zaidi ya mara 176,000!

Je, wajua kwamba sifuri ni rahisi ajabu? Mbahatishaji 1 kati ya 87 hivi hutoka na 0 kwa 20. Ukilinganisha na 20 kwa 20, sifuri ina nafasi kubwa zaidi mara trilioni 1. Trilioni nzima, rafiki!

Wastani wa mbahatishaji ni 4 kwa 20. Kufikisha nusu, yaani 10 au zaidi? Mmoja kati ya 385 hivi. Huyo angemwagiwa poda ya shangwe kichwani siku ya matokeo bila kufungua daftari. Wenzake 384 wangemshikia kopo la poda tu.

Sasa sikia hili. Ukiweza kufuta majibu matatu ya uongo katika kila swali, ukabahatisha kati ya mawili yaliyobaki, zile trilioni 95 zinaporomoka hadi 1,048,576. Ukiwa na uhakika wa maswali 18, mawili ya mwisho yanakudai bahati ya 1 kati ya 25. Hiyo hata mimi naichezea!

Na je, wajua nafasi ya wabahatishaji wawili, kila mmoja kivyake, kutoa karatasi zinazofanana kuanzia swali la 1 hadi la 20? Tena 1 kati ya trilioni 95! Ndiyo maana msahihishaji akikuta karatasi mbili zenye makosa yale yale, mstari kwa mstari, hawazi habari za bahati hata kidogo.