TUMBO LIKITOBOKA: KUNGOJA NI KAZI YA MUNGANGA, SI YAKO

Ndugu mfanyakazi wa Kabondo-Dianda, na wewe mama wa nyumba,

Ndani ya mfuko wa chakula na matumbo mna hewa. Hiyo ni kawaida. Lakini hewa hiyo ikipenya kwenye tundu na kuzagaa nje ya matumbo, jua kuna hatari: asidi, chakula na vijidudu vinaweza kutoka pamoja nayo.

Utaitambua namna gani? Maumivu yanaanza ghafula, makali kama kisu. Tumbo linakuwa gumu kama ubao, na mgonjwa hataki hata kujigeuza. Hospitalini anapigwa picha ya radio akiwa amesimama au ameketi. Hewa inaonekana kama mwezi mwembamba mweusi chini ya kiwambo, pale kifua kinapotengana na tumbo.

Je, ni lazima kupasuliwa? Mara nyingi, ndiyo. Lakini kidonda cha tumbo kikitoboa tundu dogo, pengine ini au mafuta ya tumbo hulifunika na kuliziba. Mwaka 1946 munganga Hermon Taylor wa Uingereza alieleza namna ya kuwatunza wagonjwa hao bila kisu: hawali wala hawanywi, mpira mwembamba unapitishwa puani kunyonya maji ya mfuko wa chakula, na serumu inaingia mshipani. Leo huongezwa antibiotiki na dawa za kupunguza asidi.

Mwaka 1989 wanganga wa Hong Kong walitangaza habari za wagonjwa 40 walioanzishiwa matunzo hayo. Baada ya saa 12, wagonjwa 11 hawakuwa na nafuu, wakapasuliwa. Wenye zaidi ya miaka 70 ndio waliofaidika kidogo.

Basi elewa: kungoja huku si kulala nyumbani. Mgonjwa yuko kitanda cha hospitali, mapigo ya moyo, joto na tumbo vinapimwa mara kwa mara, na chumba cha kupasulia kiko tayari.

Tundu la homa ya matumbo ni jambo lingine: kwa kawaida hilo hupasuliwa. Kinshasa, tangu mwishoni mwa 2004 hadi Januari 2005, walihesabiwa wagonjwa 42,564 wa homa hiyo. Kati yao 696 walitoboka matumbo au kuoza ndani ya tumbo. Watu 214 walikufa.

Shika haya:

1. Mgonjwa wa namna hii asipewe chakula, maji wala dawa ya kuharisha. Asitiwe dawa ya majani kwa njia ya nyuma.

2. Mjulishe mkuu wako wa kazi. Mgonjwa apelekwe mara moja kwenye hospitali inayoweza kupasua. Maumivu yakianza usiku, usingoje kuche: safari nayo inakula saa.

3. Mgongo ukiuma, usimeze aspirini, ibuprofeni au diklofenaki kila siku bila shauri la munganga. Zinachimba vidonda tumboni. Acha tumbaku.

4. Chemsha maji ya kunywa, nawa mikono kwa sabuni.

Wahi hospitali, ili munganga awe bado na nafasi ya kuchagua.