Kupiga Picha za Kidijitali kwa Anayeanza: Mwanga Kwanza, Simu Baadaye

Mkulima wa Mutomo akikuta majani ya mahindi yake yametobolewa, siku hizi mara nyingi hapandi boda boda moja kwa moja kwenda kwa afisa wa kilimo wa wadi. Anapiga picha kwa simu na kuituma. Picha ikiwa wazi, afisa anaweza kumtambua kiwavijeshi vamizi, mdudu aliyeripotiwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza mwaka wa 2017, kwa alama mbili: herufi Y iliyopinduliwa kichwani, na madoa manne yaliyopangwa kama pembe za mraba karibu na mkia. Picha ikiwa na ukungu, afisa anaona kitu cha kahawia juu ya kitu cha kijani, basi. Italazimu afike shambani mwenyewe, na kiwavi hatangoji siku hiyo ifike.

Ndivyo ilivyo pia kwa mama anayeuza vyondo kwa mnunuzi wa Nairobi asiyewahi kumwona, na kwa familia ya Mtito Andei ambayo shamba lake limevamiwa na ndovu usiku. Picha ndiyo inayozungumza kwa niaba yao. Wengi hudhani kwamba picha zao hazipendezi kwa sababu simu zao ni za bei nafuu. Mara nyingi kosa haliko kwenye simu. Liko kwenye mwanga, kwenye mkono unaotikisika na kwenye kioo cha lenzi kilichojaa vumbi.

Kamera inafanya nini hasa

Kamera ya kidijitali ni kisanduku cha giza chenye lenzi upande mmoja na kihisi upande wa pili. Kihisi ni kibamba kidogo chenye mamilioni ya vitundu vinavyopima mwanga. Kila kipimo huwa nukta moja ya picha, inayoitwa pikseli. Kamera ya kwanza ya aina hii iliundwa mwaka wa 1975 na mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak nchini Marekani. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6, ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti, na picha yenyewe ilikuwa na pikseli 10,000 tu, tena bila rangi. Simu yenye kamera ya megapikseli 12 hutoa pikseli milioni 12, yaani mara 1,200 zaidi. Kwa hiyo hata simu ya kawaida iliyo mfukoni leo ina uwezo wa kutosha kwa kazi zote zitakazotajwa hapa.

Mwanga unaofika kwenye kihisi huongozwa na mambo matatu. La kwanza ni muda ambao kihisi huachwa wazi. Sehemu 1 ya 500 ya sekunde humgandisha mbuzi anayekimbia. Sehemu 1 ya 15 humfanya awe kama moshi, na hata mtikiso mdogo wa mkono huonekana. La pili ni upana wa tundu la lenzi, ambalo katika kamera kubwa hufunguliwa na kufungwa, lakini katika simu nyingi halibadiliki. La tatu ni ISO, yaani kiasi ambacho kamera inakuza mwanga hafifu uliopokelewa. Ukitoka ISO 100 hadi 200, picha inang'aa maradufu. Ukifika 3,200, picha inajaa chengachenga kama unga wa muhogo. Ndiyo maana picha za usiku ndani ya nyumba yenye taa moja huwa na chembechembe: simu imekosa mwanga, ikaongeza ISO na kuacha kihisi wazi kwa muda mrefu. Tiba yake ni kuongeza mwanga, au kuegemeza simu mahali imara.

Jua la Ukambani

Kitui na Makueni ziko karibu na ikweta, kidogo tu upande wa kusini. Mchana jua husimama juu sana, na katika miezi ya Machi na Septemba hufika karibu kabisa na utosi. Mwanga wa namna hiyo hutia vivuli vyeusi machoni na chini ya pua, na huondoa rangi kwenye kila kitu. Saa nzuri ni kuanzia jua linapochomoza hadi kama saa 3 asubuhi, na tena kuanzia saa 10 jioni. Wakati huo mwanga huja kutoka upande, una rangi ya joto, na hutoa umbo la vitu. Siku ya mawingu mepesi ni bora kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa wingu hutawanya mwanga na kulainisha vivuli.

Ikilazimu kupiga picha saa 6 mchana, afadhali kuhamia kivulini. Hapa pia kuna kivuli na kivuli. Chini ya mwembe mwanga hupenya kati ya majani na kutia mabaka usoni, na kijani cha majani huchafua rangi ya ngozi. Kivuli cha ukuta, au cha baraza lenye paa la mabati, ni safi zaidi, mradi mtu aelekezwe upande ulio wazi. Na udongo mwekundu nao una lake: huakisi mwanga wenye wekundu kutoka chini, kiasi kwamba kiondo cheupe kilichowekwa juu yake huonekana kama kimepakwa rangi. Gunia jeupe lililotandazwa chini humaliza tatizo hilo bila gharama.

Mbuzi mweupe na mbuzi mweusi

Jambo moja huwachanganya wanaoanza kuliko mengine yote. Kamera haijui inachokitazama. Kwa kawaida hukisia kwamba vitu vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa, vina mwangaza wa wastani, kama rangi ya kijivu. Mbuzi wa Galla aliye mweupe pe akijaza picha, kamera husema mwanga umezidi, hupunguza, na mbuzi hutoka kama aliyelala kwenye majivu. Mbuzi mweusi naye hutoka amefifia, kwa sababu kamera imeongeza mwanga usiohitajika. Simu nyingi, hasa zile mpya, hujaribu kurekebisha zenyewe, lakini hazifaulu kila mara.

Dawa iko kwenye skrini. Mtu akigusa kitu anachotaka kipigwe vizuri, simu hupima mwanga hapo na kulenga hapo. Katika simu nyingi kialama cha jua hutokea kando, na kukisogeza juu au chini huongeza au kupunguza mwangaza. Kwa mbuzi mweupe kinasogezwa juu kidogo, kwa mweusi chini kidogo. Kinachoonekana kinyume mwanzoni hueleweka baada ya kujaribu mara tatu nne.

Kanuni hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini nyuso hupotea katika picha za harusi na za mahafali. Mtu mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya hema jeupe au anga linalong'aa, kamera huhudumia hema na kuusahau uso. Mpigapicha na aguse uso kwenye skrini, au bora zaidi, awageuze watu ili nyuma yao kuwe na mti, ua au ukuta wa rangi iliyokolea.

Picha iliyo wazi

Kabla ya yote, lenzi ifutwe kwa kitambaa laini kisicho na vumbi. Simu inayokaa mfukoni mwa mtu anayesafiri kwa boda boda kati ya Ikutha na Mutha haiwezi kuwa safi, na alama moja ya kidole hutosha kutandaza ukungu kwenye picha nzima. Simu ishikwe kwa mikono miwili, viwiko vikiwa karibu na mbavu.

Kuvuta picha karibu kwa vidole viwili hakufai katika simu nyingi: simu hukata kipande cha katikati na kukitanua, na pikseli hazizaliwi upya. Ni heri kutembea hatua tatu mbele. Lakini kwa vitu vidogo kama wadudu, kusogea mno nako huleta ukungu, kwani lenzi nyingi za simu haziwezi kulenga kitu kilicho karibu kuliko takriban sentimita 10. Mtu arudi nyuma kidogo, apige, kisha aikate picha baadaye. Kwa jani la mwembe lenye ugonjwa, afisa atahitaji picha tatu: mti mzima, jani upande wa juu, na jani upande wa chini ambako wadudu hujificha. Sarafu ya shilingi 10 kando ya jani humwonyesha ukubwa. Upepo ukivuma, tawi lishikwe.

Wauzaji wa vyondo nao wanafaidika na mwanga wa upande, kwa sababu ndio unaoonyesha msuko wa mkonge. Mwanga wa mbele huufanya uonekane kama plastiki. Mnunuzi wa mbali anataka kuona ndani, kitako, mshipi na ukubwa, kwa hivyo picha moja ya kupendeza haimtoshi. Kwa asali ya Mwingi, chupa ikiwekwa kati ya kamera na dirisha, mwanga hupita ndani yake na rangi hujitokeza ilivyo. Taa ya dukani ikichanganywa na mwanga wa dirisha, rangi huvurugika. Ni bora taa izimwe. Na rangi zisizidishwe kwa programu, maana mzigo ukirudishwa, nauli ni ya muuzaji.

Picha kama ushahidi

Wakazi wanaopakana na mbuga za Tsavo wanajua kwamba Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inaruhusu madai ya fidia, ambayo hupitia kamati ya kaunti ya uhifadhi na fidia. Picha haichukui nafasi ya kuripoti kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), lakini huonyesha hali ilivyokuwa kabla mvua au mifugo haijafuta alama. Ipigwe asubuhi ile ile, ndovu wakiwa wameondoka. Hakuna picha inayostahili mtu kuwafuata. Kwanza shamba lote pamoja na kitu kisichohama, kama mbuyu au nyumba, kisha mimea iliyovunjwa, kisha nyayo zikiwa na kiatu kando kama kipimo.

Faili ya picha hubeba tarehe, saa na, kama mtu ameruhusu, mahali ilipopigwa. Ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, hubanwa na taarifa hizo huondolewa. Ikitumwa kama hati, hubaki ilivyo. Kesi ikifika mahakamani, Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinahitaji rekodi ya kielektroniki iambatane na cheti kinachoeleza kifaa kilichotumika na jinsi ilivyotolewa. Picha ya asili isifutwe, na isirembwe.

Kamati za usimamizi wa miradi zinaweza kutumia mbinu hiyo hiyo kwenye zahanati inayojengwa au bwawa la mchanga: picha ipigwe kutoka sehemu moja, kwa mfano kando ya mwamba ule ule, kila mwezi. Picha sita zilizopangwa kwa tarehe humwonyesha mkazi yeyote kama ukuta umepanda au umesimama.

Ruhusa ya anayepigwa

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa taarifa yake binafsi. Anayetaka kuitumia kutangaza biashara anapaswa kupata idhini yake, na kwa mtoto, idhini ya mzazi au mlezi. Kikundi kinachopiga picha za mafunzo kinaweza kuomba ruhusa mwanzoni na kuiandika kwenye daftari la mahudhurio. Mzee akikataa kupigwa picha, kamera na ishushwe.

Mahali pa kuanzia na pa kuhifadhi

Kwa wiki ya kwanza, zoezi moja linatosha: kitu kimoja, tuseme kibuyu au jembe, kipigwe mahali pale pale asubuhi, saa 6 mchana na jioni, kisha picha ziwekwe pamoja. Makueni ina vituo vya habari vya jamii ambako wakazi hujifunza kompyuta, na huko picha zinaweza kutazamwa kwenye skrini kubwa, ambayo haifichi ukungu kama simu. Kamera kubwa inaweza kusubiri.

Simu huibwa na huanguka kwenye ndoo. Picha za madai au za mradi ziwekwe mahali pawili: kwenye kadi ya kumbukumbu au kompyuta ya kituo, na kwenye akaunti ya intaneti ya mwenyewe, zikiwa na jina la kijiji na tarehe badala ya tarakimu zilizotolewa na simu.