KINGA YA MWILI KWA WALIOPANDIKIZWA FIGO

Tangu Novemba 2017, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipoanza kupandikiza figo, huduma hiyo hupatikana nchini. Watumishi na wakazi wa Kibaha na Kisarawe wanafahamishwa yafuatayo.

Chembe nyeupe za damu huitambua figo ya mtu mwingine kuwa ni kitu kigeni, zikaishambulia. Ndiyo sababu aliyepandikizwa hunywa dawa za kupunguza kinga maadamu figo hiyo inafanya kazi. Lakini chembe hizo hizo ndizo ziuazo seli zilizoingiwa na virusi. Zikidhoofishwa, virusi vya tetekuwanga vilivyojificha mwilini tangu utotoni huweza kuamka na kuleta mkanda wa jeshi. Na homa yaweza kuwa ndogo hali ugonjwa ni mkubwa.

Kwa hiyo inasisitizwa:

(a) Mgonjwa asiache dawa kwa hiari yake, hata ajionapo mzima.

(b) Apatapo homa, afike siku hiyo hiyo Hospitali ya Tumbi au Hospitali ya Wilaya ya Kisarawe, na aeleze kuwa amepandikizwa figo.

(c) Asipewe chanjo ya virusi hai, kama ya homa ya manjano. Mtumishi anayesafiri nje aombe barua ya daktari.