Vioo Vinavyokataa Jua

Kati ya majengo yenye vioo vinavyokataa jua, kwa utajiri hakuna wa kushindana na Royal Bank Plaza ya Toronto, Kanada. Minara yake miwili, iliyojengwa miaka ya 1970, ina madirisha zaidi ya 14,000 yaliyopakwa dhahabu halisi ya karati 24: aunsi 2,500, yaani kilo 70 na ushee. Si mapambo matupu. Dhahabu hurudisha nje miale ya joto isiyoonekana kwa macho.

Miale hiyo ndiyo adui. Karibu nusu ya nguvu ya jua inayotufikia ni infraredi, ambayo haimulikii mtu chochote. Kioo kitupu cha milimita 3 huingiza takriban asilimia 86 ya nguvu yote ya jua. Kioo cheusi hupunguza, lakini hulinywa joto, kikapata moto chenyewe na kutema sehemu yake chumbani, huku wenye ofisi wakiwasha taa mchana kweupe.

Ndiyo maana bingwa wangu ni utando wa tabaka tatu za madini ya fedha, kila tabaka likiwa na unene wa nanometa kumi na kitu tu. Vioo viwili vikifungwa pamoja na utando huo ukiwa umehifadhiwa katikati, vilivyo bora hupitisha zaidi ya asilimia 60 ya mwanga, ilhali joto la jua linaloingia halifiki asilimia 30. Anayejenga Dar es Salaam au Mombasa amwulize muuza vioo asilimia hiyo ya joto kabla ya kuuliza rangi.

Tukirudi kwenye majengo, bingwa kwa urefu ni Burj Khalifa, Dubai, mita 828: kioo cha nje hurudisha jua, cha ndani huzuia joto la jangwa.

Kazi iliyonivutia kuliko zote ilifanyika New York mwaka 2010. Madirisha 6,514 ya Empire State Building yaling'olewa, yakafumuliwa humo humo ndani ya jengo, yakatiwa filamu na gesi katikati, kisha vioo vilevile vya zamani vikarudishwa.

Na kwa sifa mbaya? Jengo la 20 Fenchurch Street, London. Joto linalokataliwa lazima liende mahali, na mwaka 2013 ukuta wake wa vioo, uliobonyea kwa ndani, ulikusanya miale ukaimwaga barabarani, ikayeyusha sehemu za gari aina ya Jaguar lililoegeshwa. Mwaka uliofuata jengo likafungwa mapezi ya kukinga jua.